SOMO: Kufunga paa la bati lisiezuliwe na upepo

Wanajamvi, kila mwaka mvua za kwanza zikipiga, swali ni lilelile: "Nifanyeje paa lisiondoke?" Na mara nyingi huja wakati bati limeshalala kwenye shamba la jirani. Naandika mara moja, kwa utaratibu, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

Nazungumzia nyumba nyingi za kwetu mkoani Mbeya, kuanzia Mbarali hadi Rungwe: ukuta wa tofali za kuchoma uliojengwa kwa udongo au saruji kidogo, paa la mgongo wa tembo (lenye miteremko miwili), bati geji 30.

Hatua ya 1: Muda. Septemba na Oktoba. Mvua zetu huanza karibu na Novemba, na ngurumo za mwanzo ndizo zenye upepo wa ghafla.

Hatua ya 2: Kagua. Ingia darini mchana, zima taa. Kila tundu linaloonyesha mwanga ni msumari uliolegea au kutu. Choma papi (mbao zinazoshika bati) na kenchi (fremu za mbao zinazobeba papi) kwa ncha ya kisu. Kikizama bila nguvu, mbao imeliwa na mchwa, badilisha kwanza.

Hatua ya 3: Misumari ya bati. Yenye mpira chini ya kichwa, nchi 2 na nusu, juu ya mgongo wa bati, kamwe si bondeni. Ukingoni mwa paa pande zote na kwenye kofia (bati la kileleni), piga kila mgongo. Katikati ya paa, ruka mmoja piga mmoja. Upepo huanza kufunua pembeni, kwa hiyo usibane matumizi pembeni.

Hatua ya 4: Papi kwenye kenchi. Msumari mmoja wa nchi 4 hautoshi, hasa kwenye mbao za paini zilizopigiliwa zikiwa mbichi. Mbao ikikauka hunywea na msumari unachomoka kwa mkono. Ongeza wa pili kwa mshazari, au zungushia waya papi na kenchi pamoja.

Hatua ya 5: Kufunga kenchi ukutani. Hapa ndipo nilipokosea mwanzoni, na ndipo mafundi wengi wanapokosea mpaka leo. Someni taratibu.

Upepo wa kilomita 90 kwa saa unaweza kulinyanyua paa kwa nguvu ya takriban kilo 38 kwa kila mita ya mraba. Paa la mita 7 kwa 8 linavutwa juu kwa zaidi ya tani 2, wakati bati na mbao zake zote hazifiki tani 1. Kenchi zikiwa kila mita 1.2, ncha moja ya kenchi inavutwa kwa kilo 100 na ushee baada ya kutoa uzito wa paa. Kwenye kona ni karibu mara mbili.

Sasa angalia unachofungia. Kozi (mstari) moja ya tofali, ukuta wa sentimita 12, kwa urefu huo wa mita 1.2, ina kilo 25 tu. Udongo ulio kati ya kozi haushiki kitu kikivutwa kwenda juu. Ndiyo maana unaona paa limeanguka likiwa na kozi mbili za tofali zinazoning'inia kwenye waya. Waya haukukatika. Ulifungwa juu mno.

Kwa hiyo shuka kozi 9 (9 mara 25 ni kilo 225), yaani kama sentimita 90 kutoka juu ya ukuta. Toboa kwa tindo kwenye kiungo, si katikati ya tofali, tundu la sentimita 2 kutoka nje hadi ndani. Pitisha waya wa geji 8 uliopakwa zinki, upande mmoja ndani, mwingine nje, mpaka juu ya kenchi. Kila ncha ya kenchi inakula mita 3 za waya.

Tahadhari, na kila moja ina sababu:

– Waya usilalie tofali moja kwa moja. Ukivutwa hukata kona ya tofali kama uzi unavyokata ugali, kisha unalegea. Weka ndani ya tundu kipande cha nondo milimita 10, urefu sentimita 30, kilale kwenye kiungo cha kozi na waya upite chini yake. Tundu liwe refu kidogo ili kiingie, kisha lizibe kwa saruji.

– Kaza kwa kusokota kwa kipande cha nondo, upande wa ndani. Ukigonga waya kwa kidole ukatoa mlio, acha. Zinki ikianza kupukutika kama magamba, umezidisha. Kata, anza upya, kwa sababu hapo ndipo kutu itaanzia.

– Kenchi ikiwa juu ya dirisha, kozi 9 chini hakuna ukuta. Peleka waya kwa mshazari hadi ukuta ulio kando ya dirisha. Usifunge kwenye fremu.

– Kama nyumba ina mkanda wa lenta ya zege unaozunguka kuta zote, pitisha waya chini ya lenta, inatosha. Lenta ya vipande vya juu ya madirisha tu haihesabiki.

Hatua ya 6: Kibaraza. Paa lake litenganishwe na paa kuu, liwe na nguzo zake. Likibebwa, liende peke yake. Ukingo wa paa kuu usizidi sentimita 50 nje ya ukuta.

Hatua ya 7: Miti. Mlingoti (mkaratusi) ulio karibu na nyumba kuliko urefu wake, punguza.

Hatua ya 8: Siku yenyewe. Sikiliza tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) redioni. Funga milango na madirisha, hasa upande upepo unakotoka. Vyeti na hati za shamba kwenye mfuko wa nailoni. Zimamoto na Uokoaji ni 114.

---

MASWALI

Mpunga_Igurusi: Mkuu mimi nimeweka mawe na viroba vya mchanga juu ya bati. Si inatosha?

Mleta somo: Haitoshi. Viroba 10 vya kilo 30 ni kilo 300. Upungufu wako ni zaidi ya tani. Na bati likinyanyuka, jiwe linaangukia waliolala. Shusha leo.

Kijana wa Chunya: Nina waya mwingi wa kufungia nondo umebaki. Naweza kuutumia?

Mleta somo: Hapana. Ni mwembamba, hauna zinki, na msimu mmoja wa mvua unatosha kuula.

Kijana wa Chunya: Hata nikiufanya mara nne?

Mleta somo: Kutu haihesabu nyuzi. Geji 8, yenye zinki.

Fundi_Mafinga: Kozi 9 ni kutisha watu. Sisi tunafunga kozi 2 na nyumba zipo.

Mleta somo: Nimetoa hesabu hapo juu. Kozi 2 ni kilo 50, kuvutwa ni zaidi ya 100. Kama ukuta wako ni wa blok za sentimita 15 zilizojengwa kwa saruji nzuri, uzito ni mwingine na unaweza kupanda juu kidogo. Kwa tofali na udongo, sibadilishi neno.

Mama Tukuyu: Shikamoo. Naomba kuelewa: upepo unasukuma, kwa nini paa lipande juu badala ya kubonyea? Na je, waya huu unasaidia tetemeko? Huku Rungwe ardhi haitulii.

Mleta somo: Marahaba mama, maswali mazuri yote mawili. Upepo ukifika kwenye paa hulazimika kupanda na kuongeza kasi, na hewa yenye kasi hukandamiza kidogo kuliko hewa iliyotulia ndani ya nyumba. Ya ndani inasukuma juu, ya nje haisukumi chini vya kutosha. Dirisha la upande wa upepo likiwa wazi, ya ndani inaongezeka zaidi. Ndiyo maana ya hatua ya 8.

Tetemeko: waya unasaidia kenchi zisiteleze kwenye ukuta, lakini hatari yako kubwa ni gebo. Ile pembetatu ya tofali pembeni mwa nyumba haijashikwa na kitu, na huangukia ndani au mlangoni. Tuko kwenye Bonde la Ufa. Tetemeko la Rukwa la Desemba 1910 lilifika 7.4, na yale ya Karonga ya Desemba 2009 yalikuwa ng'ambo tu ya mto Songwe. Shusha tofali za gebo hadi usawa wa ukuta, pembetatu jaza kwa mbao na bati. Ni nyepesi, na hata upepo hauiangushi. Na kitanda kisikae chini ya gebo.

Mama Tukuyu: Ndaga fijo. Gebo tunashusha wiki hii.

Mbaka_Kyela: Sisi nyumba ni za miti na udongo. Tundu nitatoboa wapi?

Mleta somo: Usitoboe. Chimbia nguzo nje ya ukuta, sambamba na kila kenchi, futi 3 chini, na upigilie kipande cha mbao cha kupingama kwenye mguu wa nguzo kabla ya kushindilia, isichomoke. Funga kenchi kwenye nguzo. Mguu upake oili chafu, mchwa wa Kyela mnawajua.

Mbaka_Kyela: Asante kaka. Na maji yakipanda kutoka mtoni?

Mleta somo: Hilo ni somo jingine, ila waulize wenyeji.

Mkulima_Ipinda: Nijibie hapo. Mahindi na mpunga juu ya kichanja, si sakafuni. Jiwekee alama ya mafuriko makubwa kwenye mti, kichanja kiizidi kwa mkono mmoja. Kisima kikishafunikwa na maji ya mto, usiyanywe hata yakionekana meupe: chemsha yatokote, mpaka kisima kikombwe na kutiwa klorini.

Binti_Makete: Waya ukutani hauvuti radi?

Mleta somo: Hapana. Radi haiangalii waya, inaangalia kilicho juu zaidi. Ila wakati wa ngurumo usiegemee ukuta wenye waya, na usikae chini ya mti nje.

Mpunga_Igurusi: Mawe nimeshusha. Nina kenchi 9, ninunue waya kiasi gani?

Mleta somo: Umefanya vizuri, ndugu. Kenchi 9 ni ncha 18, mara mita 3 ni mita 54. Geji 8 ina kama gramu 100 kwa mita, hivyo kilo 5 na nusu. Chukua 6, na nondo ya milimita 10 mita 5 na nusu kwa vipande 18. Upime kwenye mizani dukani, usikubali kukadiriwa kwa macho.