Somo: Kumfikishia mkaguzi ushahidi kabla hataza haijatolewa

Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliwapa kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza (haki ya pekee juu ya uvumbuzi) ya kuua kuvu wa mimea kwa mafuta ya mwarobaini, mti ambao India wameutumia tangu enzi. Ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa Machi 2005. Ni heri kuwahi. Ombi la kimataifa likishatangazwa, mtu yeyote anaweza kuwasilisha WIPO, Shirika la Miliki Bunifu Duniani, ushahidi kwamba jambo hilo si jipya, bila malipo.

Hatua ya 1. Tafuta ombi kwenye PATENTSCOPE, hifadhi ya WIPO iliyo wazi kwa wote. Maombi hutangazwa takriban miezi 18 tangu tarehe ya kipaumbele, yaani siku ombi la kwanza lilipowekwa. Dirisha la maoni, yaani muda wa kuwasilisha ushahidi huo, hufungwa miezi 28 tangu tarehe hiyohiyo. Basi una miezi kumi hivi.

Hatua ya 2. Soma madai. Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapoteleza: wanasoma kichwa na muhtasari, wanapandwa na hasira, wanaandika. Haki inayoombwa imo ndani ya madai. Chukua dai la kwanza ulikate vipande: mafuta yamekamuliwaje, yamechanganywa na nini, kwa kiasi gani, yananyunyiziwa wapi. Kila kipande kitafutie maandishi ya zamani yanayokitaja. Kipande kimoja kikikosekana, mwombaji atashika hapohapo.

Hatua ya 3. Kusanya maandishi yaliyochapishwa kabla ya ombi: tasnifu, jarida, kitabu cha kilimo. Hataza ya Marekani ya mwaka 1995 juu ya manjano kuponya vidonda ilifutwa 1997 baada ya baraza la utafiti la India, CSIR, kuleta maandishi ya kale pamoja na makala ya jarida la madaktari ya 1953. Karatasi isiyo na tarehe haisaidii.

Hatua ya 4. Fungua akaunti WIPO, weka nyaraka zisizozidi 10, na kwa kila moja taja ukurasa na dai linaloguswa. Kila mtu huwasilisha mara moja tu kwa ombi moja. Usiandike kuhusu wizi hata kama unaumia. Kinachopimwa ni kama jambo ni jipya na kama lina hatua ya uvumbuzi, yaani si jambo ambalo mtaalamu angelifikia kwa urahisi.

MASWALI

Mwalimu, bibi yangu ametumia dawa hiyo maisha yake yote. Niandike ushuhuda wake?
Kwa njia hii hautapokelewa, kinatakiwa kilichochapishwa. Naona hapa mfumo unawaonea wazee wetu. Kumbukumbu ikichapishwa leo itazuia maombi yajayo, si hili. Lakini pata kwanza ridhaa ya familia na wanajamii: kikishachapishwa kiko wazi kwa kila mtu, nao pia watapoteza nafasi ya kukiombea hataza.

Naogopa kampuni ikijua jina langu.
Omba jina lisitajwe, inaruhusiwa. Kampuni itaarifiwa kuhusu maoni yenyewe na inaweza kujibu.

Nyaraka zangu ni za Kiswahili.
Ziambatishe hivyohivyo. Maelezo yako ndiyo yaandikwe kwa lugha inayokubaliwa, mfano Kiingereza, Kifaransa au Kiarabu.

Nikipeleka, ombi linakataliwa?
Si lazima. WIPO haitoi hataza. Maoni hupelekwa kwa ofisi za nchi na za kanda, na kila moja huamua yenyewe. Kwa hiyo fuatilia ombi katika ofisi ya nchi unayoijali.