Kijapani chako kinasikika kama Kiswahili? Jaribu shadoingi

Wengi wetu tukianza Kijapani tunafurahi kukuta irabu ni zile zile, a e i o u, tunaona matamshi tushamaliza. Jamani bado. Kinachotuangusha ni mdundo, maana Kiswahili kinaweka mkazo silabi ya pili toka mwisho na tunaubeba huo mkazo mpaka kwenye Kijapani bila kujua, utasikia mtu anasema ariGAto wakati kule Tokyo sauti inapanda kwenye RI alafu inashuka, na mwisho kuna o ndefu, a-ri-ga-to-o, mapigo matano. Au chukua hashi. Sauti ikiwa juu kwenye HA ni vijiti vya kulia, ikipanda kwenye SHI ni daraja, sasa sisi kwa mazoea tunabonyeza HA kila saa na daraja halisikiki kabisa.

Kilichonisaidia mimi ni shadoingi, yaani unamfuata mtu anavyoongea kama kivuli chake, nusu sekunde nyuma, bila kusimamisha sauti. Chagua maongezi ya watu wawili wanaoongea kawaida, sio mtu anayesoma habari, kwa sababu kwenye maongezi ndo unapata zile ee na soo desu ne za kuitikia na sauti inavyopanda mtu akiuliza. Anime, yaani katuni za Kijapani, sawa, ila kuwa makini, wahusika wengi wanaongea kwa ukali ambao ukimpelekea mtu mzima utaonekana huna adabu.

Kata kipande cha sekunde 20 au 30 tu, chenye maandishi. Sikiliza kwanza mara kadhaa mdomo umefunga, alafu soma maandishi mpaka uelewe kila neno, usiruke hapa maana ukifuata usichokielewa unabaki kutoa kelele tu. Ndo uanze kufuata, mhusika mmoja kwanza, hedifoni sikio moja ili ujisikie. Ukiachwa usirudi nyuma, dakia pale alipofika. Ikikushinda punguza spidi kidogo, ila usizoee, rudi kwenye spidi yake mapema.

Masikio yaelekeze kwenye urefu. Obasan ni shangazi, obaasan ni bibi, na sisi hili tunaliweza kabisa, si tunatofautisha kufa na kufaa? Konsonanti zikiwa mbili mdomo unasubiri pigo zima, kite ni njoo, kitte ni stempu. Ile n ya peke yake ina pigo lake kama n ya nchi, kwa hiyo shinbun, gazeti, ni shi-n-bu-n, mapigo manne, piga kwa kidole mezani uhesabu. Alafu kuna u na i zinazomezwa, desu inasikika des, suki inasikika ski, ukizitamka zote kamili unasikika mzito.

Jirekodi kwa simu. Najua kusikia sauti yako mwenyewe kunaudhi lakini bila hivyo huwezi kujua, ukiwa unaongea ubongo unakudanganya kwamba umepatia. Weka rekodi yako na ya kwao moja baada ya nyingine, sentensi moja moja, tafuta kosa moja tu la kurekebisha siku hiyo, dakika 10 au 15 zinatosha. Kipande kimoja kaa nacho hata wiki nzima, mpaka uweze kukisema maandishi yamefunikwa na sauti imezimwa, ndo uhamie kingine.