Kuku mnene usimtegemee kwa mayai ya kutotolesha
Jamani wafugaji wenzangu wa Mwanza, hasa mnaofuga chotara, ukimjazia kuku pumba za mahindi asubuhi mpaka jioni ukidhani ndo atataga sana unajidanganya, mwili ukishiba kupitiliza homoni kama insulini zinavurugika, mafuta yanajaa tumboni na kwenye ini, viini vinakomaa viwili vitatu kwa mpigo, unaanza kuona mayai ya viini viwili na mengine ganda laini kama karatasi, afu anapunguza kutaga kabisa. Mshike usiku akiwa ametulia, pitisha kidole kifuani, ule mfupa usipousikia kabisa ujue kazidi. Pima chakula, pumba punguza, changanya na dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba ila wasiwe na mchanga (wale wa bei chee wananiudhi sana).

Kingine, mama anamwekea kifaranga homoni za tezi ya shingo humohumo kwenye kiini, na kuanzia siku ya 19 hivi tangu yai lianze kuatamiwa homoni za kifaranga mwenyewe zinapanda ndo anaanza kupumua kwa mapafu na kuvuta kiini kilichobaki, kwa hiyo siku hizo usifungue-fungue mashine ya kutotolesha kuchungulia.