Kamati ya msiba ianze kazi kabla ya kimbunga: kwa ndugu zetu wa Houston na Texas kwa ujumla

Mtu akifiwa hapa Houston, machozi hayajakauka grupu la WhatsApp limeshafunguliwa, mweka hazina kapatikana, kina mama wameshagawana nani anapika pilau nani analeta maji, vijana wenye magari wanajua nani anamfuata nani eapoti. Hiyo nguvu tunayo na hakuna Mmarekani aliyetufundisha. Sasa ndugu zangu ombi langu ni moja, hiyo kamati ianze kazi kabla ya kimbunga, isisubiri watu wako gizani na maji yameingia sebuleni ndo tunaanza kuulizana nani ana jenereta, nani anamjua yule mama mwenye mashine ya oksijeni kule mtaa wa Alief.

Msimu wa vimbunga unaanza tarehe 1 Juni mpaka 30 Novemba. Kimbunga Harvey cha 2017 wengi tunakikumbuka, kiliingia Texas tarehe 25 Agosti upande wa Rockport, pwani ya kusini, ila Houston kilichotuumiza sio upepo ni mvua, ilinyesha siku kadhaa haikati, kule mji wa Nederland, hapahapa Texas, ilipimwa zaidi ya inchi 60, yaani mita moja na nusu ya mvua. Baada ya hapo watu wakakariri kwamba janga ni mafuriko tu. Haya, Februari 2021 ikaja baridi, nyumba zaidi ya milioni 4 Texas zikakosa umeme, mabomba yakapasuka, na jimbo lenyewe lilikuja kuhesabu vifo 246. Julai 2024 ikaja Beryl, kimbunga cha daraja la 1 tu, watu wakakidharau, kikazima umeme kwa wateja zaidi ya milioni 2 katikati ya joto la Julai na kuna wazee waliofia kwenye joto ndani ya nyumba zao. Ukiangalia hayo matatu utaona kinachojirudia: umeme unakatika na haurudi leo wala kesho. Kwa hiyo jiandae kuishi siku kadhaa bila umeme, hayo mengine yanafuata.

Na hapa kwenye umeme nataka nikae kidogo maana ndo panapotuua sisi watu wa Afrika Mashariki. Kwetu Njombe, Limuru, Bukavu, mtu anawasha jiko la mkaa nje, likishashika vizuri anaingiza ndani watoto waote, na hata kule kwetu watu wanakufa hivyo kila msimu wa baridi. Nyumba za huku zimezibwa kila mahali ili baridi isiingie, kwa hiyo ile gesi ya kaboni monoksaidi haina pa kutokea, na haina harufu wala rangi, unasikia usingizi tu. Februari 2021 hapa Houston hospitali zilipokea mamia ya watu waliovuta hiyo gesi, wengine waliwasha mkaa ndani, wengine waliwasha gari gereji wapate joto, wengine jenereta. Jamani: mkaa usiingie ndani kabisa, hata dirisha likiwa wazi. Jenereta ikae nje futi 20 kutoka kwenye nyumba, moshi uelekee mbali na madirisha, usiweke gereji hata kama mlango umefunguliwa, wala kwenye baraza ya apatimenti maana unamuua jirani wa juu. Kifaa cha kugundua hiyo gesi kinauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, chukua cha betri, bei yake haifiki mchango wa harusi moja. Na mkiona watu wote ndani wanaumwa kichwa kwa pamoja au wanasikia kizunguzungu na kichefuchefu, tokeni nje kwanza, 911 mtaipigia mkiwa nje.

Maji, wataalamu wa maafa wanashauri galoni moja kwa mtu kwa siku, kwa siku kadhaa, familia ya watu sita ni galoni 18 kwa siku tatu, usiende kununua zote siku ya mwisho, nunua kidogo kidogo. Kimbunga kikitangazwa jaza beseni la kuogea, hayo ni ya chooni. Chakula ndo tunakosea, mtu ana gunia la mchele na unga wa ugali anajiona yuko vizuri, jiko lake la umeme, atapikia nini? Weka vitu visivyohitaji moto: sadini, maharage ya kopo, njugu, tende, mkate, maziwa ya unga, na kifungulia kopo cha mkono. Wale mnaochangia mbuzi au ng'ombe mkagawana mkajaza friza, friza iliyojaa inahimili kama saa 48 usipoifungua, ikiwa nusu ni saa 24, friji ya kawaida saa 4 tu. Mwenye insulini aulize famasia mapema dawa yake inakaa muda gani nje ya friji, na dawa za presha omba kujaziwa kabla hazijaisha. Tanki la gari lisishuke chini ya nusu msimu huu, pampu za petroli nazo zinataka umeme, na weka keshi ndogo ndogo maana mashine za kadi zikizima hata uwe na elfu kumi benki hununui kitu.

Kuhusu maji ya barabarani. Maji yanayokimbia ya inchi 6 tu yanamwangusha mtu mzima, futi moja yanasukuma gari dogo, futi mbili yanabeba magari mengi hata zile SUV mnazoziamini. Najua shifti ya usiku ni shifti, najua bosi anapiga simu, lakini ukifika kwenye anda-pasi, ile barabara inayopita chini ya daraja, yenye maji geuza. Na maji yakipanda ndani usikimbilie darini kama huna kitu cha kutobolea paa, utanasa mle.

Bima. Bima ya nyumba ya kawaida hailipi mafuriko, na bima ya mpangaji vilevile hailipi mafuriko. Bima ya mafuriko ni mkataba mwingine kabisa, na ule mpango wa serikali kwa kawaida unaanza kufanya kazi baada ya siku 30, kwa hiyo ukinunua kimbunga kikiwa kimeshaonekana kwenye TV umechelewa. Mpangaji pia anaruhusiwa kununua kwa ajili ya vitu vyake, wengi hawalijui hili. Kabla ya msimu zungukeni nyumba mchukue video ya kila chumba, fungua makabati, mtumie ndugu yuko jimbo lingine. Hivyo hivyo na makaratasi: pasi, green card, I-94 ile karatasi ya kuingilia Marekani, kibali cha kazi, kadi ya Social Security, vyeti vya watoto, piga picha, halisi zikae kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri, mahali pa juu.

Sasa turudi kwenye kamati. Kwanza tengenezeni orodha. Nani anaishi peke yake, nani ana mjamzito, nani anatumia mashine, mzee gani hajui Kiingereza, nani hana gari. Mtu anayehitaji msaada wa kuhamishwa mwandikisheni kwa kupiga simu namba 211, kuna daftari la jimbo linaitwa STEAR, ni la hiari na ni bure, ingawa halimhakikishii mtu kwamba atafuatwa, kwa hiyo bado anahitaji jina la mtu wenu. Kila familia tano au sita wapeni mtu mmoja wa kuwapitia, kwa kugonga mlango sio meseji tu, maana simu zitazima. Tangazo likija kwa Kiingereza kuna mama zetu kutoka Kongo, waliokaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka na miaka, hawatalielewa, hivyo kijana mmoja apewe kazi ya kurekodi sauti kwa Kiswahili, dakika moja, na mwingine kwa Kinyarwanda au Kibembe kama wapo wa hivyo kwenu. Na wafundisheni wote, hata watoto: ukipiga 911 taja anwani kwanza kwa Kiingereza, halafu sema neno Swahili usikate simu, wanaweza kukuunganisha na mkalimani.

Angalieni pia utajiri mlionao. Manesi na CNA, wale wasaidizi wa manesi, tumejaa, madereva wa malori wamejaa, mafundi wapo. Hao wapelekeni mafunzo ya CERT, vile vikosi vya raia wa kusaidia mtaani kwenye maafa, yanatolewa bure sehemu nyingi, ni kama saa 20, unafundishwa kuzima moto mdogo, huduma ya kwanza, kupanga majeruhi nani aanze, kutafuta watu kwenye nyumba bila kujiua. Mpango huu ulianzia kwa zimamoto wa Los Angeles mwaka 1985. Mwaka huohuo kwenye tetemeko la Mexico City raia wa kawaida waliokoa mamia ya watu, ila na wao wakafa karibu mia wakiokoa wenzao maana hawakuwa wamefundishwa. Ndo sababu sheria ya kwanza kwenye CERT ni usalama wako, na huingii popote peke yako. Kijana wetu mwenye moyo mzuri anayerukia maji usiku bila kamba, huyo tunamlilia kesho.

Simu za nyumbani nazo mzipangie. Habari ikitoka CNN, Dar na Nairobi wako mbele kwa saa 8 au 9, wote wanapiga kwa pamoja na chaji yako inaisha. Chagueni ndugu mmoja nje ya Texas, wewe unamtumia SMS moja tu kwamba mko salama, yeye anawaambia ukoo mzima.

Baada ya janga, piga picha kabla ya kutupa chochote. Makazi ya dharura, maji na chakula hamuulizwi makaratasi. Hela ya FEMA, shirika la serikali kuu la maafa, utaratibu wake umekuwa kwa raia, wenye green card, wakimbizi na waliopewa asailamu yaani hifadhi, na mzazi asiye na makaratasi mwenye mtoto raia ameweza kuomba kwa jina la mtoto, ila mambo ya uhamiaji yanabadilika kwa hiyo pitieni kwanza kwa mwanasheria, Lone Star Legal Aid wanasaidia bure wenye kipato kidogo. Namba ya FEMA ni 1-800-621-3362, omba mkalimani. Barua ya kukataliwa usiitupe, mara nyingi ni karatasi moja imekosekana, na una siku 60 za kukata rufaa. Mkaguzi wa FEMA hadai hela, akidai huyo ni tapeli.

Mwishoni mwa Aprili kila mwaka Texas inaondoa kodi ya mauzo kwa siku tatu kwenye betri, tochi, vifaa vya kugundua moshi na gesi, hata jenereta za chini ya dola 3,000. Kamati ikutane kabla ya hiyo wikendi, mchango ukusanywe, mnunue kwa pamoja, na kila kifaa kiandikwe kiko kwa nani.