Kabla hujaanza kuosha donda la mguu nyumbani

Baba Mdogo alikuwa akilala mguu mmoja ukining'inia nje ya kitanda. Tulidhani ni joto la Arua, hapa Uganda, maana mwezi wa pili hapa hata paka hulala katikati ya sakafu. Kila nikipita usiku na tochi naunyanyua ule mguu, naurudisha kitandani, nafunika shuka. Nikipita tena, umeshashuka. Juu ya kidole gumba alikuwa na kidonda cha ukubwa wa sarafu ya shilingi 500, kikavu, kingo zimesimama wima kana kwamba kimetobolewa kwa patasi. Nami kwa bidii yangu yote nilikuwa nimemfunga bendeji ya kuvutika kutoka vidoleni hadi chini ya goti, nikaikaza vizuri, kwa sababu mwaka uliotangulia hivyo ndivyo nilivyofundishwa kumfunga Mama, na donda la Mama likapona.

Sista aliyekuja kumwona aliifungua bendeji kabla hata ya kuketi. Akavishika vidole kimoja kimoja, akaniambia, "Mwanangu, mguu huu una kiu ya damu, na wewe umeukaba koo."

Ndiyo maana maandalizi ninayoyaeleza hapa hayaanzi na gozi wala bendeji. Yanaanza na swali: mguu huu umekosa damu, au damu imeujaa ikakosa njia ya kurudi? Waswahili tunaita vyote donda ndugu na kuishia hapo, lakini dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine.

Ateri huishusha damu kutoka moyoni, vena huipandisha. Ndani ya vena za miguu mna vali ndogo zinazozuia damu isirudi chini. Zikilegea, iwe kwa umri, kwa mimba nyingi, kwa kusimama sokoni kutwa au kwa damu iliyowahi kuganda ndani ya mshipa, damu hutuama. Mguu huvimba jioni, ngozi ya juu ya kifundo hukolea weusi, hukakamaa na kuwasha, kisha siku moja mkwaruzo mdogo unakataa kufunga. Donda la namna hiyo mara nyingi hukaa upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo. Si refu kwenda chini, kingo zake zimepinda ovyo, na hutoa maji mengi. Mgonjwa akiinua mguu anapata nafuu. Huyo alikuwa Mama.

Donda la ateri hupenda ncha: vidole, kisigino, mfupa wa nje wa kifundo. Mguu ni wa baridi, ngozi inang'aa, vinyweleo vimepotea. Mtu anatembea hatua kadhaa, misuli ya nyuma ya mguu inamkamata, anasimama, inaachia, anaendelea. Usiku maumivu huzidi akilala, hupungua akiushusha mguu, kwa sababu damu inapata mteremko. Baba Mdogo hakuwa anasikia joto. Alikuwa anajitibu, nasi tulikuwa tunamtibulia.

Wapo pia wenye yote mawili, hasa wazee, na wapo wenye kisukari ambao miguu imekufa ganzi hata wakikanyaga msumari hawajui. Kwa hiyo usijipe udaktari kwa kutazama tu. Kabla ya siku ya kwanza ya kufunga donda, mpeleke mgonjwa apimwe, Kituo cha Afya cha daraja la IV au hospitali ya rufaa ya mkoa ikibidi. Omba mambo kwa kuyataja, kwa sababu foleni ni ndefu na usipotaja utarudi na pakiti ya vidonge. Mapigo ya damu yaguswe sehemu mbili, juu ya wayo na nyuma ya mfupa wa ndani wa kifundo. Sukari ipimwe. Presha ipimwe mkononi na, penye kifaa, kifundoni pia: namba ya kifundo hugawanywa kwa ile ya mkono. Jibu likiwa kati ya 0.9 na 1.3 mishipa kwa kawaida inapitisha vizuri. Chini ya 0.8 bendeji ya kubana haifungwi kama kawaida, na chini ya 0.5 hali ni mbaya, mgonjwa anahitaji daktari wa mishipa upesi. Mwenye kisukari anaweza kupata namba nzuri ya uongo, kwa kuwa ateri zake zimekakamaa na hazibonyei. Mwambieni mpimaji mapema kuwa mgonjwa ana sukari.

Uliza pia kama donda ni la mzunguko wa damu kweli. Katika nchi yetu swali hili si la kupoteza muda. Wenye sikoseli, yaani selimundu, hupata madonda ya kifundoni wakiwa bado vijana. Na liko donda la Buruli, lililopata jina kwetu hapahapa, kutoka eneo la Buruli upande wa Nakasongola, karibu na Ziwa Kyoga. Daktari mmisionari Albert Cook aliandika juu ya madonda yanayofanana nalo akiwa hospitali ya Mengo, Kampala, mwaka 1897. Hilo husababishwa na kijidudu cha ukoo mmoja na kile cha kifua kikuu, mara nyingi huanza kama uvimbe usiouma, na hutibiwa kwa antibiotiki za wiki 8. Ungelifunga bendeji mwaka mzima lisingekusikia. Donda lililokaa miaka, kisha likaanza kuota nyama iliyoinuka kingoni kama ua la koliflawa, likatwe kipande kidogo kipimwe saratani.

Ukisharudi na jibu, ndipo nyumba iandaliwe.

Chagua mtu mmoja wa kufunga donda na mwingine wa akiba. Kwetu walikuwa wanne, kila mmoja na mtindo wake, na kila mmoja akiamini mwenzake ndiye aliyeharibu. Huyo mmoja aende kituoni atazame nesi akifunga, kisha afunge yeye nesi akimtazama. Bendeji ya kubana hasa haifundishwi kwa simu. Inaanzia kwenye mashina ya vidole, inapanda hadi chini ya goti bila kuacha kisigino wazi, inabana zaidi kifundoni na kulegea kidogo kidogo ikipanda. Wakati mzuri wa kuifunga ni asubuhi kabla mgonjwa hajashuka kitandani, mguu ukiwa haujavimba. Baada ya nusu saa tazama vidole. Vikipauka, vikageuka rangi au mgonjwa akisema vinachoma au vimekufa ganzi, fungua. Usingoje kesho.

Sehemu ya kufungia iwe na mwanga wa mchana, mbali na sigiri na mbali na mlango unaopitisha vumbi. Kiangazi vumbi letu jekundu huingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Nzi ni shida ya pekee: akitua dakika moja tu kwenye donda lililo wazi, baada ya siku chache utakuta mabuu. Mimi nilikuwa nafanyia kazi ndani ya chandarua, mgonjwa na mimi, beseni katikati, watoto wakituchungulia na kucheka.

Maji ya kisima au ya bomba yachemshwe dakika 10, yafunikwe, yapoe. Ukitaka maji ya chumvi, lita 1 huchukua chumvi gramu 9 hivi, sawa na kijiko cha chai kimoja na nusu, vilivyosawazishwa. Ya leo ni ya leo, kesho chemsha mengine. Yawe vuguvugu, na upime kwa kiwiko chako, si kwa mguu wa mgonjwa, kwa sababu mguu wenye ganzi utakudanganya. Kwa sababu hiyohiyo, mguu wa baridi haupashwi moto kwa makaa wala chupa ya maji ya moto. Uvishe soksi ya pamba isiyobana. Na angalizo moja: donda la ateri lenye kigaga cheusi kikavu halilowekwi wala kubanduliwa. Liache kavu, lifunike, lingoje daktari. Ukililowesha unaweza kugeuza kidole kikavu kuwa kidole kinachooza.

Vifaa si vingi. Glavu, gozi safi, gozi yenye vaselini ili isigande kwenye nyama, pedi nene za kunyonya maji kama donda linatiririka, bendeji, plasta ya karatasi, mkasi unaochemshwa, mifuko ya plastiki ya kufunika beseni. Vaselini ya kawaida ipakwe ngozi inayozunguka donda, maana maji ya donda huila ngozi nzima kama chumvi inavyokula bati. Pamba mbichi isiguse nyama, nyuzi zake hubaki ndani. Hesabu vifaa vya wiki 2 kabla ya kuanza, na usiridhike na ahadi kwamba vitapatikana kituoni. Tulipewa ahadi hiyo mahali fulani, na Jumatatu tukaambiwa gozi imekwisha tangu Alhamisi.

Sasa ile saa yenyewe. Mpe paracetamol nusu saa au saa moja kabla, kama daktari hajamkataza. Usizoee kununua diklofenaki dukani kwa mzee mwenye presha, figo zake zitalipa. Mara ya kwanza kumfungulia Mama nilivuta gozi kavu kwa nguvu, kama mtu anayebandua plasta. Ikatoka na ngozi changa yote iliyokuwa imeota ile wiki, nyembamba, ya waridi, imeshika kwenye nyuzi. Mama hakupiga kelele. Aliniangalia tu. Tangu siku hiyo, kwa donda lisilo na kigaga kikavu, namwaga maji juu ya gozi, nangoja hata dakika 10 tukizungumza habari za majirani, hadi iachie yenyewe. Kisha namimina maji taratibu kutoka juu kwenda chini, nakausha ngozi ya pembeni kwa kugusa tu bila kusugua.

Kama donda halilowi sana, halina haja ya kufunguliwa kila siku. Muulize nesi siku, uziandike. Kulifungua asubuhi na jioni ili wageni waone maendeleo ni kulitia baridi na kulichokoza.

Andaa pia jibu la heshima kwa wenye dawa zao, kwa sababu watakuja. Majivu, kinyesi cha ng'ombe, unga wa betri, majani ya kutafuna, hapana. Spiriti, haidrojeni peroksaidi na jiki huua vijidudu na nyama changa pamoja. Kumwaga unga wa vidonge vya antibiotiki juu ya donda ni desturi iliyoenea sana, nami niliwahi kuifanya. Huleta mzio wa ngozi, na hufundisha vijidudu kuizoea dawa. Antibiotiki ni ya kumeza au sindano, pale tu donda linapoambukiza ngozi ya jirani au mwili, na kwa dozi kamili. Asali ndiyo ngumu kukataa, maana huku kwetu West Nile ni nchi ya asali, na asali kweli hutumika hospitalini. Lakini ile ya hospitali imesafishwa kwa mionzi ikauawa vijidudu vyote. Ya chupa ya soda kutoka sokoni inywewe na chai. Swali la chanjo ya pepopunda ulize siku ileile ya kupimwa.

Chakula sitakirefusha: maharage, karanga, simsim, dagaa, mayai, mboga za majani. Mwenye kisukari asidanganyike kwamba uji wenye sukari nyingi unampa nguvu. Sigara na ugoro vikome, hasa kwa mguu wa ateri.

Kabla ya usiku wa kwanza, panga safari. Namba ya boda anayeamka usiku, au jirani mwenye gari, na fedha ya mafuta iliyotengwa isiyoguswa kwa sababu ya harusi. Mguu ukigeuka ghafla kuwa wa baridi, mweupe, wenye maumivu makali au ganzi, una saa chache tu. Homa, wekundu au joto linalopanda mguuni, harufu mpya, kidole kinachogeuka cheusi, mfupa unaoonekana, hayo nayo hayangoji kliniki ya wiki ijayo. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo linganisha miguu yote miwili kwa mkono: ule wenye moto ndio unaosema. Na vena iliyovimba ikipasuka ikamwaga damu, mlaze, inua mguu juu, bonyeza kwa kitambaa safi bila kuchungulia kwa dakika 10, kisha mpeleke.

Gozi zilizotumika zichomwe shimoni au zitupwe chooni cha shimo, mbwa wasizifikie.

Nunua daftari na rula. Kila Jumapili pima urefu na upana, piga picha kwa simu, rula ikiwa kando. Macho yanayotazama donda kila siku hayaoni mabadiliko. Likikaa wiki 4 bila kupungua dhahiri, rudi na daftari. Daktari aliyeona daftari letu aliacha kuuliza maswali ya jumla, akampa Baba Mdogo barua ya kwenda hospitali kuu ya Mulago, Kampala, siku ileile. Alirudi bila kile kidole, lakini na mguu.

Kwa donda la vena liko jambo moja la kuandaa wakati bado liko wazi: soksi za kubana za saizi ya mgonjwa, kwa sababu donda hilo likifunga bila soksi hurudi. Mama anazo jozi mbili, moja mguuni, moja kwenye kamba. Anazilaumu kila asubuhi, na kila asubuhi ananyoosha mguu nimvalishe.