Mzee anasahau kila kitu na hela inaisha: jinsi ya kuitumia bima ya NHIF kwa mgonjwa wa dimenshia hapa Dar

Nianze na kitu ambacho kama mtu angeniambia mapema ningeokoa hela nyingi sana. NHIF, yani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ni bima ya serikali inayolipia matibabu, hailipii kukaa na mgonjwa. Dada wa kumuogesha baba, pampasi za watu wazima, uji, mtu wa kumdaka asitoke getini saa tisa usiku eti anawahi kazini, hivyo vyote ni mfuko wako. Sasa wengi wakishasikia hivyo wanaona bima haina maana wanaachana nayo, mwisho wa siku wanalipa keshi dawa za presha, keshi vipimo, keshi daktari, na mlezi juu yake. Hapo ndo unapofilisika. Mimi nakwambia fanya kinyume, kila kinachoitwa matibabu kisukumie kwenye bima hadi shilingi ya mwisho, ile keshi kidogo uliyonayo ibaki kwa ajili ya mlezi.

Kabla hujakimbilia kununua bima yoyote, kwanza kapekue kabati la mzee. Sitanii. Kama alikuwa mtumishi wa serikali na alikuwa anachangia NHIF mpaka anastaafu, yeye na mwenza wake wanaendelea kutibiwa bila kuchangia tena, na mgonjwa wa dimenshia, huu ugonjwa wa kusahau, hawezi kukwambia kwamba ana kadi. Kuna familia jirani yetu Tabata walilipa keshi karibu mwaka mzima wakati kadi ya bi mkubwa wao ipo kwenye begi la harusi pamoja na vyeti vya ualimu.

Kama hana, angalia nani kwenye familia ameajiriwa na anakatwa NHIF. Makato ni asilimia 6 ya mshahara, mfanyakazi 3 na mwajiri 3, yani mtu wa laki nane anakatwa elfu 24 kwa mwezi. Kwa hiyo hiyo wanatibiwa watu sita, mwenyewe, mwenza na wategemezi wanne, na wategemezi sio watoto tu, wazazi na wakwe wanaingia. Watu hawalijui hili au wanalijua wanakaa kimya kwenye grupu la familia, tuseme ukweli. Kaeni kikao, yule mwenye watoto wawili ana nafasi mbili zimelala bure, amuweke mzee humo.

Shughuli iko kwenye makaratasi. Mzazi anaingia kwa cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinachoonyesha jina la mzazi, na kama ni mkwe inabidi cheti cha ndoa na cha kuzaliwa cha mwenza. Sasa baba zetu hawa kwenye cheti anaitwa Saidi Mohamedi, kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA anaitwa Said Mohamed Mkwawila, kazini alijulikana kwa jina la babu yake, utarudishwa. Nyoosha majina kwanza, kiapo kwa wakili kinatosha mara nyingi, ila ulizia pale ofisi ya NHIF wanataka kipi kabla hujatoa hela. Na kama mzee hana NIDA mpeleke mapema, ugonjwa ukishakolea kumkalisha akae atulie apigwe picha achukuliwe na alama za vidole ni vita, mimi nilimpeleka baba mara tatu.

Familia isiyo na mwajiriwa hata mmoja, zipo njia mbili. Moja ni kununua bima wenyewe kwa hiari. Hapo uliza maswali mawili tu kabla ya kulipa: baada ya kulipa tunasubiri muda gani ndo aanze kutibiwa, na je kliniki ya magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu imo kwenye kifurushi hiki. Usikubali jibu la "imo mzee usijali", akuonyeshe kwenye karatasi. Njia ya pili ni msamaha wa wazee, kuanzia miaka 60 asiye na uwezo anatibiwa bure hospitali za serikali. Unaanzia serikali ya mtaa wanakupa barua, unaenda ustawi wa jamii manispaa, anapata kitambulisho cha matibabu, ukifika hospitali ulizia dirisha la wazee. Ni kweli kumuona daktari ni bure ila dawa mara nyingi utaambiwa imeisha kanunue nje, kwa hiyo msamaha usiuhesabu kama bima, uhesabu kama nusu.

Haya, kadi unayo. Usikimbilie Muhimbili moja kwa moja, anzia kituo cha karibu upate rufaa kwenda Amana, Temeke au Mwananyamala kutegemea unakaa wapi, halafu huko ndo wakupeleke kwa bingwa. Ni kuzunguka ndio ila ukiruka ngazi unaweza kujikuta unalipa mwenyewe. Na usiende kusema "mzee anasahau" ukanyamaza. Andika kwenye daftari, lini alipotea, lini alipanda daladala akaibukia Gongo la Mboto, anakula vipi, analala vipi. Mwambie daktari unataka aangaliwe vitu vinavyofanana na dimenshia lakini vinatibika, hitilafu ya tezi la shingoni, upungufu wa vitamini B12, maambukizi ya mkojo, sonona, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka. Damu, mkojo, siti skani, hivyo ndo vitu vya bei na ndo bima inapokulipa, hakikisha vinafanyika kwa kadi.

Ndugu watakaokwambia "baba sio kichaa asipelekwe kliniki ya akili" wape na namba yako ya simu wakutumie hela ya matibabu. Huwa wanapotea.

Dawa sasa. Hakuna dawa ya kuponya, zipo za kupunguza makali na ni za bei, kwa hiyo mwambie daktari aandike jina la dawa lenyewe sio la kampuni, na muulize hapohapo kama iko kwenye kitita cha NHIF, yani orodha ya vitu wanavyolipia, kama haipo kuna nyingine iliyopo? Ikiwa iko kwenye kitita ila hospitali imeisha, usitoe hela, omba fomu ukachukue duka la dawa lenye mkataba na NHIF. Hii imeniuma mimi, hospitali moja hapa mjini waliniambia imeisha nikanunua miezi minne, hakuna aliyenitajia fomu mpaka nilipouliza mwenyewe. Presha na sukari msiziache pia, hizo zikipanda kiharusi kinakuja na kichwa kinazidi kuharibika.

Binamu yetu yuko Marekani alitulaumu sana, kwanini hatumpeleki mzee kwenye nyumba ya wazee bima ilipe. Hata kwao Medicare, bima ya serikali yao kwa wazee, hailipii kukaa huko miaka, ni mpaka siku 100 tu kwa mwenye kuhitaji uuguzi baada ya kulazwa hospitali, baada ya hapo ujilipie au uwe maskini uingie Medicaid, ile bima yao ya wasio na uwezo. Kwetu makazi ya serikali kama Nunge kule Kigamboni ni ya wazee wasio na mtu kabisa, sio wenye watoto sita wenye simu janja.

Kwa hiyo mlezi ni mchango. Pigeni hesabu kwa mwezi, mshahara wa dada, pampasi, nauli za kliniki, kila mtu apewe kitu chake cha kulipa kwa jina, ukisema "tuchange" hakuna anayechanga. Asiye na hela aje Jumapili akae na mzee wewe ulale. Na kama mzee ana pensheni au kiwanja nendeni kwa wakili pamoja naye mkaandikishe nani atamsimamia, angali anaelewa anachosaini, maana siku benki ikigoma mtabaki kuitizama tu hela yake.

Mwisho kadi usimuachie yeye. Baba aliificha kwenye debe la mchele, tulikuja kuikuta wiki ya tatu tukishaomba nyingine.