Namna ya Kudai Kiingilio cha Haki: Mwongozo kwa Mashabiki wa Kigoma

Kila Simba au Yanga inapopangiwa kuja Uwanja wa Lake Tanganyika, mazungumzo ya Mwanga, Gungu na Ujiji huwa ni yale yale: kiingilio kimepanda, na mtu aliyekuja kuitazama Mashujaa, timu ya hapa Kigoma, ikicheza na timu isiyo na jina anatozwa sawa na yule ambaye hajawahi kuukanyaga uwanja huo msimu mzima. Malalamiko haya ni ya haki, lakini hutolewa wiki ya mechi, wakati bei imekwishatangazwa na tiketi zimeanza kuuzwa, na kwa namna ambayo uongozi wa timu hauwezi kuyajibu hata ukitaka. Mwongozo huu ni kwa tawi au kikundi chochote cha mashabiki kinachotaka kuipeleka hoja hiyo mahali pake na kupata jibu.

Jambo la kwanza ni kuamua mnadai nini hasa. Matawi mengi hudai kiingilio kishuke kwa wote, na hapo ndipo yanaposhindwa, kwa sababu hesabu ya timu haikubali. Ligi Kuu ina timu 16, hivyo kila timu huwa mwenyeji mara 15 kwa msimu, na kati ya mechi hizo ni mbili tu zinazoletwa na Simba na Yanga. Hizo mbili ndizo ambazo timu ya mkoani huzitegemea kujaza sanduku. Ukiuambia uongozi uziachie, umeuomba uache fedha ambayo haitarudi. Dai lenye nguvu ni jingine: bei iliyopandishwa kwa ajili ya mgeni wa siku moja isimwangukie mtu aliyekaa jukwaani katika mechi nyingine kumi na tatu. Dai hili halimnyang'anyi mtu chochote, na linatenganisha mambo mawili ambayo kwa sasa yamechanganywa, yaani mapato ya mechi kubwa na fadhila anazostahili shabiki wa kudumu.

Kabla ya kuandika lolote, jueni fedha ya kiingilio inakwenda wapi, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza mtakaloulizwa. Shilingi 5,000 unayotoa langoni haiingii yote mfukoni mwa timu mwenyeji. Ndani yake mna kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa kiwango chake cha kawaida cha asilimia 18 ni kama shilingi 763, kisha hufuata makato ya uwanja, ya mamlaka za soka na ya gharama za mchezo. Shabiki anayesema "wanakula elfu tano zetu" amekwishaharibu kesi yake mbele ya mhasibu yeyote. Semeni badala yake kwamba mnajua makato yapo, na ombeni kuonyeshwa mchanganuo wa mapato ya mechi mbili, moja kubwa na moja ndogo. Ombi hilo peke yake hubadilisha namna mnavyotazamwa.

Sehemu inayofuata ndiyo ngumu, nayo ni ya kujihesabu. Tuseme ukweli, Kigoma ina wapenzi wengi ambao timu yao ya kwanza ni Simba au Yanga na Mashujaa ni ya pili. Tarehe 9 Aprili 2024, Mashujaa ilipoitoa Simba katika Kombe la Shirikisho kwa mikwaju ya penalti 6-5 baada ya sare ya 1-1, si kila mkazi wa mji huu aliyelala na furaha. Sioni kosa katika hilo. Mapenzi ya mpira hayaji kwa amri ya mkoa. Hata hivyo, uongozi unapoona uwanja umejaa jezi nyekundu au kijani siku ya mechi kubwa, kisha majukwaa yana nafasi tele wiki inayofuata, huhitimisha kwamba mashabiki wa kudumu hawapo na kwa hiyo hakuna wa kumpunguzia. Kazi ya tawi ni kuuonyesha kwa ushahidi kwamba wapo.

Ushahidi huo hukusanywa kwa daftari la kawaida. Teueni mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri na subira, na katika kila mechi ya nyumbani aandike majina ya wanachama waliohudhuria, jukwaa walilokaa na kiasi walicholipa. Vipande vya tiketi vibandikwe ndani ya daftari. Waliolipa kwa simu watunze ujumbe wa malipo. Andikeni pia waliokosa kuja na sababu zao, kwa kuwa hapo ndipo mtakapopata hoja nzito kuliko zote. Mtagundua kwamba wengine walikuwa kwenye kibanda umiza, ambako mechi hiyo hiyo huonekana kwenye Azam TV kwa fedha kidogo sana, na bila nauli. Timu haishindani na umaskini wetu pekee. Inashindana na kiti cha plastiki kilicho hatua chache kutoka nyumbani. Uongozi ukiona jambo hilo limeandikwa kwa majina na tarehe, utaelewa kwamba bei ya mechi ndogo ikipanda, huyo mtu haongezi fedha, anahama.

Msisahau namna kipato cha hapa kinavyokwenda. Wavuvi wa Kibirizi na Katonga huvua dagaa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali hukaa nchi kavu. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisitishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na Agosti hiyo hiyo ndipo ligi ilipoanza. Mpango wowote unaomtaka mvuvi, au mama anayeuza dagaa sokoni, alipe fedha ya msimu mzima mwezi Agosti umepangwa na mtu asiyelijua ziwa. Malipo kwa awamu liwe sharti mnaloliandika tangu mwanzo, badala ya nyongeza mtakayoikumbuka mkiwa mezani.

Sasa andaeni pendekezo lenyewe, na liwe na namba. Nitatoa mfano kwa bei za kubuni. Ikiwa mechi ndogo ni shilingi 3,000 na zile mbili kubwa ni 10,000, shabiki anayehudhuria zote 15 hulipa 39,000 pamoja na 20,000, jumla 59,000. Pendekezeni kadi ya msimu ya shilingi 45,000 inayolipwa kwa awamu tatu. Wakijitokeza watu 300, timu ina uhakika wa shilingi milioni 13 na nusu, inyeshe au isinyeshe, iwe inashinda au inafungwa. Kama uongozi unaogopa kadi, uombeni njia nyepesi zaidi: mwenye vipande vya tiketi za mechi ndogo tano auziwe tiketi ya mechi kubwa kwa bei ya mechi ndogo, siku mbili kabla ya mauzo ya jumla. Mimi naipendelea njia hii ya pili kwa mwaka wa kwanza, kwa sababu haihitaji timu ikuamini kabla hujaonekana.

Barua iandikwe kwa utaratibu wa kiofisi, yenye kumbukumbu namba, tarehe, na mstari wa "YAH:" unaotaja jambo moja tu. Hili lina uzito zaidi kwa Mashujaa, ambayo ni timu ya Jeshi la Wananchi. Katika klabu za wanachama, kiongozi anayewapuuza mashabiki hukutana nao kwenye mkutano mkuu. Hapa hamna kura ya kumtishia mtu, na lugha ya vitisho itafunga mlango mapema. Kinachosikilizwa ni karatasi iliyonyooka. Ambatanisheni muhtasari wa kikao cha tawi wenye sahihi, nakala ya kurasa za daftari na pendekezo lenu, kisha nakala za barua zipelekwe chama cha soka cha mkoa na kwa afisa michezo wa Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Ipelekwe kwa mkono na igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakati mzuri ni baada ya msimu kuisha na kabla ya ratiba mpya kutoka, kwa kuwa bajeti haijafungwa.

Je, mkikataliwa? Wapo watakaosema tususie. Kususia kwa kubaki nyumbani hakusemi kitu hapa, kwa sababu jukwaa tupu la Kigoma husomwa kama kutojali. Mfano mzuri unatoka Uingereza. Tarehe 6 Februari 2016, mashabiki wa Liverpool waliopinga tiketi ya pauni 77 waliingia uwanjani katika mechi dhidi ya Sunderland, wakakaa, kisha ilipofika dakika ya 77 maelfu yao wakainuka na kutoka. Timu yao ilikuwa inaongoza 2-0. Mechi ikaisha 2-2. Siku chache baadaye wamiliki waliomba radhi na kuifuta bei hiyo. Walichofanya kilieleweka kwa sababu walikuwa wameshalipa, walikuwa wanaonekana, na dakika waliyoichagua ilitaja dai lao. Tawi linalofikiria hatua ya namna hiyo liitumie mara moja tu, liwaarifu uongozi na polisi mapema, na lisiguse mali wala mchezaji.

Mkikubaliwa, kazi huhamia langoni. Makubaliano ya ofisini mara nyingi hayamfikii kijana anayekagua tiketi saa nane mchana huku foleni ikimsukuma. Ombeni mlango mmoja utengwe kwa wenye kadi au vipande, wasimame hapo wajumbe wawili wa tawi wakiwa na nakala ya barua ya majibu na orodha ya majina, na anayekataliwa aelekezwe kwao asibishane na mlinzi. Baada ya mechi, wajumbe hao waandike waliopita ni wangapi, waliokataliwa ni wangapi na kwa nini, na taarifa hiyo ifike kwa katibu wa timu kabla ya kiingilio cha mechi kubwa inayofuata kutangazwa.